Kujinyoosha Mbele ya Mama Mkwe

Nilianza kucheza gofu nikiwa na umri ambao wenzangu wa Bwera wanaanza kuota kitambi na kununua mashamba ya kahawa. Kazi yangu ni ya kukaa. Ninawatolea watu mizigo forodhani pale mpakani, na siku nzima niko kitini, nimeinamia karatasi za malori. Mgongo ulikuwa umeshaanza kulalamika. Mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa kahawa kutoka ng'ambo, upande wa Congo, ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa Kilembe mara ya kwanza. Alinikabidhi fimbo zake za zamani, akasema nikishindwa nimrudishie. Sikumrudishia. Hodari sikuwa, lakini kila Jumamosi niliondoka Bwera mapema nikaenda kucheza naye.

Uwanja uko bondeni, ulitengenezwa enzi za mgodi wa shaba, nao umefuata mto Nyamwamba. Mto ulipofurika ulikula kipande chake, ukaacha mawe makubwa meupe mahali palipokuwa na majani. Wachezaji waliendelea na kilichobaki. Ukipiga mpira ukaenda kushoto, usijisumbue kuutafuta. Unagonga jiwe, unaruka, unaingia majini.

Mipira yangu mingi ilikwenda kushoto, na sababu ilikuwa mwili. Ukiendesha gari kutoka Bwera hadi Kikorongo, kisha Kasese, kisha upande kuelekea Kilembe, unashuka ukiwa umekakamaa. Ukishika fimbo hapo hapo, kiuno hakigeuki. Mikono inafanya kazi peke yake, na mpira unajiendea unakotaka. Kwa hiyo hatukuanza kamwe bila kupasha misuli. Msimamizi alikuwa mwenzetu wa tatu, ofisa mstaafu wa jeshi anayeishi Kasese. Sote tulimwita Afande, hata mke wake alimwita hivyo.

"Laini moja!" alikuwa akisema. "Fimbo kwa mabega! Geuka kushoto! Rudi! Geuka kulia! Hapana cheka!"

Tulijipanga mstari mmoja, tukageuka. Tuliinama tukagusa majani, tukazungusha viuno, tukarusha miguu mbele na nyuma huku tumeegemea fimbo kama wazee wa mkongojo. Kisha tulikwenda pembeni kupiga mipira mifupi, nusu nguvu, mpaka mikono ikumbuke kazi yake. Vikundi vingine vilipita vikitucheka. Mimi nilikuja kuipenda sehemu hiyo kuliko mchezo wenyewe. Mchezoni nilikuwa nashindwa kila wiki, ila katika kujinyoosha hakuna anayeshindwa.

Mama mkwe wangu aliingia katika habari hii bila mimi kutarajia, na kabla sijafika hapo lazima nimweleze. Mke wangu ni mtoto wa kambi. Baba yake alikuwa askari kutoka West Nile, kaskazini ya mbali, akahamishwa huku na huku, na watoto wake wakakua wakizungumza Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote. Mama yake alikuwa mtaalamu wa viungo hospitalini, yule anayewafundisha waliovunjika miguu kutembea tena. Miaka ya ujana wake alifanya kazi Kilembe. Alipostaafu, akiwa ameshafiwa na mume, alirudi huko akapanga nyumba moja ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, kwa sababu alipenda baridi ya bonde lile. Hayo yote niliyajua. Kwamba alikuwa pia amejifunza gofu huko huko, sikujua. Hakuna aliyeniambia, na mimi ningemuulizaje? Hatukuwa na mazungumzo.

Nilizaliwa Mahango, mlimani, na nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba mama mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Humpi mkono. Huketi naye meza moja. Humkazii macho mnapoongea, na kugusana ndiyo usiseme kabisa. Alipokuja kututembelea Bwera, nilimsalimu nikiwa mlangoni, macho sakafuni, halafu nikapitia jikoni kwenda kukagua migomba ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Yeye alizikubali taratibu hizo bila kusema neno. Niliona tunaelewana vizuri sana.

Jumamosi moja nikashuka garini nikakuta laini ya Afande imeongezeka mtu. Alikuwa mwanamke mrefu, sketi ya bluu iliyopita magoti, raba miguuni, kofia kichwani. Fimbo ilikuwa imelala mabegani mwake na kiuno chake kilikuwa kinageuka kwa ulaini ambao mimi sikuwa nao hata nikiwa mwanafunzi. Alipogeuka kulia akaniona.

"Karibu, mkwe," alisema.

Niliangalia viatu vyangu. "Habari ya asubuhi, Mama."

"Mzuri. Watoto?"

"Wazima, Mama."

Afande hakuwa na habari na ukwe wetu. "Wewe mtu ya Bwera! Ingia kwa laini! Tunakungoja wewe peke yako?"

Nilitafuta pa kusimama. Nikikaa mbele yake, nitainama yeye akiwa nyuma yangu. Nikikaa nyuma, atainama yeye mimi nikiwa natazama. Nikikaa kando yake, tukigeuka fimbo zetu zitagongana. Hapakuwa na mahali.

"Mimi nimeshajinyoosha nyumbani, Afande."

"Nyumbani? Halafu ukakaa kwa gari mpaka hapa?"

"Nilisimama njiani nikajinyoosha tena."

Hata mimi niliusikia uongo huo ulivyokuwa mwepesi. Nikachukua fimbo moja, nikajifanya naenda msalani, nikazunguka nyuma ya tanki la maji. Huko nikaanza kugeuza kiuno peke yangu. Mahali penyewe palikuwa padogo, upande huu tanki, upande ule ukuta, na fimbo ilikuwa inagonga bati kila nikigeuka. Nadhani sauti hiyo ndiyo iliyomleta mfanyabiashara wa kahawa.

"Patron, unafanya nini huku?"

"Najinyoosha."

"Wenzako beko wanajinyoosha kule. Iko shida gani?"

"Yule mama ni mama mkwe wangu."

Alijipiga paja. "Mutu mukubwa hivi anakimbia mama mukwe nyuma ya tanki!" Lakini hakuniambia nitoke. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi wangu iko Kinshasa. Mungu alinisaidia."

Tukiwa bado tunaongea, Afande akapaza sauti kwamba zamu yetu imefika, na mimi ndiye wa kwanza kupiga. Sikuwa nimepasha hata bega moja. Nilikwenda, nikaweka mpira, na kwa kuwa nilijua nani amesimama nyuma yangu nilitaka kumaliza haraka. Nikazungusha fimbo kwa nguvu zote.

Kitu kilikaza chini ya mgongo. Haikuwa kama kuumia. Ilikuwa kama mtu amenishika kiunoni kwa mikono miwili akakataa kuniachia. Nilipiga magoti, kisha nikashika majani kwa viganja vyote viwili. Mpira ulikwenda wapi sijui mpaka leo. Nilichojua ni kwamba nimeinama mbele ya mama mkwe, makalio juu, kile kile nilichokuwa nakikimbia, na safari hii siwezi kujiinua.

Raba zake zilikuja zikasimama hatua chache kutoka kichwani pangu.

"Hapana inuka," alisema. "Kaa hivyo hivyo. Chezesha vidole vya miguu. Unavisikia?"

"Navisikia, Mama."

"Iko ganzi? Maumivu inashuka kwa mguu?"

"Hapana. Iko hapo hapo kiunoni."

"Basi ni musuli imekaza. Itaachia."

Nilingoja asogee. Hakusogea. Nikamsikia anasema, "Afande, kuja hapa. Mimi nitasema, wewe utashika."

Afande alipiga magoti kando yangu. Mama akageuka akatazama mtoni, akawa anaelekeza huku ametupa kisogo, akitupia jicho pale tu alipolazimika. Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananilinda.

"Weka kiganja chini ya mshipi yake. Hapana hapo, hapo ni figo. Shuka. Sasa bonyeza kidogo."

Afande alibonyeza kidogo kwa kipimo cha jeshi. Nilipiga ukelele ukarudi kutoka mlima wa pili.

"Nimesema kidogo! Huyo si gari imekwama!"

"Nimebonyeza kidogo, Mama!"

"Jaribu tena. Tumia kiganja, acha vidole..."

"Mama," nilisema, macho bado kwenye majani. "Shika wewe."

Mfanyabiashara wa kahawa alikohoa.

"Umesema kwa roho yako, mkwe? Mimi sina shida. Lakini najua kwenu iko. Hata kwetu iko. Ni vile kambini nyumba ilikuwa chumba moja na pazia. Mkwe ungemkimbia uende wapi?"

"Shika, Mama. Mengine tutayaongea baadaye."

Akapiga magoti. Mikono yake ilikuwa ya joto na haikuwa na haraka. Alitafuta mahali penyewe, akaweka kiganja, akakiacha hapo tu bila kubonyeza, mpaka pumzi yangu iliposhuka. Kisha akanigeuza taratibu, akanilaza chali, akainua miguu yangu juu ya benchi lililokuwa kando, magoti yamekunjwa, akawa anayayumbisha upande huu na upande ule. Aibu ilikuwapo mwanzoni, sikatai. Haikudumu. Maumivu yalipoanza kulegea nilisahau nani ni nani, nikafumba macho, na nikagundua kwamba nilikuwa nimemwogopa kwa miaka mama ambaye hakuwa amenifanyia lolote ila kunizalia mke.

"Leo huchezi," alisema akisimama. "Lala hapo hapo, miguu kwa benchi. Sisi tunaenda."

Wakaenda kweli. Nikiwa chini niliinua kichwa kidogo nikamwona anapiga mpira wake wa kwanza. Ulipaa, ukashuka katikati ya uwanja, mbali na mawe.

Mke wangu alikuja kunichukua. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari, halafu akanyamaza ghafla. "Mama yako atasikia," alisema. Alisikia kabla hatujafika Bwera. Alinipigia simu kutoka Mahango.

"Amekushika wapi?"

"Mgongoni, Mama."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Kisha akasema lazima nimpelekee mama mkwe kuku, ili heshima irudi mahali pake, na nisitume mtu, niende mwenyewe. Nikakubali. Tulipokuwa karibu kuagana akauliza, "Na mgongo?"

"Unapona."

"Unapona kweli?"

"Kweli, Mama. Naweza kukaa."

"Basi kuku awe mkubwa."

Nilimpeleka kuku mkubwa. Mama mkwe alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, mimi nikiwa nimesimama chini ya ngazi. Nilikuwa nimejiandaa aone ni mambo ya kizamani. Hakucheka hata kidogo. "Mwambie mama yako nimepokea," alisema. Halafu, kuku akiwa kwapani, akaniuliza, "Siku ile ulijificha kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Jumamosi ingine hapana jificha. Nimeshafikiria."

Mpango wake ulikuwa rahisi. Laini iwe ile ile moja, wote tutazame mtoni, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Yeye asimame mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, Afande na mfanyabiashara wa kahawa wakae katikati. Na kuanzia siku hiyo atakayeelekeza ni yeye, kwa sababu kuinama kwa Afande kungetumaliza sote.

Nilirudi uwanjani baada ya majuma kadhaa. Afande hakuachia madaraka kirahisi.

"Mama, mimi nimepasha askari mingi sana!"

"Najua," alisema mama mkwe. "Baadaye waliletwa kwangu."

Tangu hapo tunaanza kwa kutembea. Tunakwenda taratibu mpaka kwenye daraja na kurudi, kabla ya kugeuza chochote. Kisha nyonga, mizunguko midogo kwanza, halafu mabega, na fimbo tunaishika mwisho kabisa. Hakuna kurukaruka. Tukimaliza mchezo, yeye anakunywa chai ndani, mimi nakunywa barazani. Mkono hatupeani. Kuku anataga, nimeambiwa, na mayai mengine yameshafika Bwera kwa mkono wa mke wangu.

Wale waliokuwa wakipita wakitucheka wameanza kuja mapema. Kwanza alikuja askari polisi mmoja wa kike mwenye goti bovu, kisha mwalimu, kisha watu wawili kutoka mjini ambao hata gofu hawachezi. Wote wanaingia katikati. Laini imekuwa ndefu, na mama mkwe anapotaka kunisahihisha inambidi apaze sauti kweli kweli.

"Mkwe! Kiuno! Mabega peke yake hapana!"

Nami nageuza kiuno.