Unyevu Nyuma ya Kabati

Baba yangu ni fundi bomba. Akiitwa kwa mtu hufunga mabomba yote, kisha hutazama mita. Kama bado inazunguka, maji yanavuja ndani ya ukuta. Hapo huwafokea wenye nyumba: "Rangi imebambuka tangu lini, nanyi mnaitazama tu? Usipoziba ufa utajenga ukuta!"

Jana nilisikia harufu ya uvundo chumbani kwake. Nyuma ya kabati la nguo za mama, ambalo halijafunguliwa tangu tumzike, ukuta ulikuwa umelowa chepechepe.

"Baba, huku kunavuja!"

"Najua. Miezi mitano sasa."

Nikamfokea kama anavyowafokea wao: "Usipoziba ufa je?"

Hakugeuka.

"Nitajenga ukuta," akasema. "Kabati halisogezwi."