Mama Mkwe Alipoisikiliza Injini Yangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishafika kwangu Shanwe nikavua viatu, kunitoa tena kunataka msiba. Ndiyo maana pikapu yangu kuukuu ilipoanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria kila ikisimama, nilitafuta njia ya kuiponya bila kutoka uani.

Fundi wangu wa Kashaulili alishaniambia, "Bosi, niachie asubuhi nikutyunie injini itulie, mchana uichukue." Bei yake haikuwa mbaya. Kilichonishinda ni kukaa nusu siku kwenye benchi la gereji nikiulizwa maoni yangu kuhusu mpira. Halafu nilimaliza kidato cha nne, fizikia nilipata alama ambayo haina haja ya kutajwa hapa, na kwenye simu kuna video za kila kitu.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia Jumatano, aliponikuta na spana mkononi, "kesho ndiyo siku ya mama."

"Najua. Ndiyo maana naitengeneza."

"Na mimi ndiyo maana naomba usiitengeneze."

Mama yake anaishi Mwamkulu, na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya mjini kwa siku chache, na Alhamisi ilikuwa ya mwisho kuandikisha watu wa upasuaji. Wakishaondoka, hakuna aliyejua watarudi lini. Bodaboda hawezi, magoti hayakunjiki. Kwa hiyo macho ya mama mkwe yalikuwa yanaitegemea pikapu, na pikapu ilikuwa inanitegemea mimi. Maskini mama.

Nikachomoa plagi zote nne, nikazisugua mpaka zikang'aa, nikazirudisha na kuchomeka nyaya zake za moto. Injini ikawaka. Ilitetemeka kuliko mwanzo, lakini nikajiambia inazoea usafi.

Asubuhi, safari ya Mwamkulu ilikuwa aibu tupu. Pikapu ilipiga vishindo kama bunduki, mbuzi wakakata kamba, watu mashambani wakainua vichwa. Tulimkuta mama mlangoni, kitenge kipya, mfuko wa nguo mapajani, amengoja tangu alfajiri.

Kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei moja kwa moja. Nina miaka kumi na minne na binti yake, na ukiniuliza sura ya mama nitakueleza kisogo. Basi yeye akakaa dirishani, mke wangu katikati kama ukuta, mimi kwenye usukani. Maneno yote yalipita ukutani.

Kwenye kamwinuko baada ya mashamba ya mpunga, injini ikakohoa, ikazima.

"Mwulize mwenzako," mama akasema, "jana alifungua nini humo?"

"Anauliza jana ulifungua nini."

Nilikuwa nimesikia. Tumebanana kiti kimoja. "Mwambie nilisafisha plagi."

"Mwambie kafunga ng'ombe wanne kwenye plau. Wawili wanavuta, wawili wanaburutwa. Tangu nyumbani nawasikia."

Mama huyu na marehemu mumewe walikuwa na mashine ya kukoboa mpunga miaka mingi. Mzee alikuwa anapokea magunia na kupiga soga. Aliyekuwa anaisikiliza mashine ni yeye.

"Mwulize, alivyovitoa, kila kimoja alikirudisha kwake?"

Nikashuka, nikafungua boneti. Nyaya nne, zote nyeusi, zote zinafanana, na sikuwa nimeweka alama hata kwenye mmoja. Labda yule wa kwenye video alisema tuweke. Nadhani hapo ndipo niliporuka mbele.

Tukapanga hivi: mimi nibadilishane nyaya mbili mbili, mke wangu awashe, mama asikilize. Lakini ili asikie vizuri lazima asogee kwenye boneti, na kwenye boneti nipo mimi. Mama akashuka taratibu, akapapasa mpaka taa ya mbele, akanigeuzia mgongo na kuelekea mashamba ambayo hata hakuwa anayaona. Mke akawasha.

"Bado," mama akaliambia shamba.

Nikajaribu nyingine. Kishindo.

"Mwambie sasa kaua na wa tatu."

Mara ya nne injini ikanguruma, ikatulia. Mama akainua mkono bila kugeuka.

"Hapo. Sasa wanavuta wote. Mwambie afunge, na asiguse tena."

Sikugusa tena. Tulifika hospitali foleni imebaki na watu watatu, muuguzi ameshaanza kukusanya makaratasi. Mama akaandikwa.

Kesho yake, wakati anapasuliwa jicho la kulia, nilipeleka pikapu Kashaulili. Nikakaa kwenye benchi nusu siku, nikaulizwa mpira, nikajibu. Fundi aliweka taimingi sawa, akasafisha kabureta, akatupa plagi mbili nilizokuwa nimezisugua hadi kuziua.

"Nyaya zimekaa vizuri," akasema. "Nani alizipanga?"

"Mama mkwe."

"Mwambie nina nafasi ya kazi hapa."

"Siwezi kumwambia. Itabidi upitie kwa mke wangu."

Nikamlipa bila kuomba punguzo, na kwa kweli nilimshukuru sana, kwa sababu pikapu ilirudi Shanwe kimya kama mtu aliyeshiba. Bado naamini mtu anaweza kujityunia injini yake nyumbani. Nasema tu awe mtu mwingine.

Walipomfungua bandeji Jumamosi, tukamrudisha Mwamkulu. Aliposhuka hakuingia ndani. Akaizunguka pikapu polepole, akiigusa milango, taa, bati la nyuma lililoliwa na kutu.

"Mwambie mwenzako," akasema, "siku zote naisikia tu. Sikujua ni mbovu hivi."

Mke wangu akanigeukia ili anifikishie ujumbe, akashindwa kwa kucheka.

"Mwambie mama," nikasema nikitazama chini, "nashukuru sana kwamba ameiona."