Nistarini na Kesi ya Dengu Nyekundu

Nistarini Haldar alikuwa akisoma huku anapika, na kwa hilo nilimgombeza miaka kumi na mmoja mfululizo. Kila kitabu alichoazima kilirudi kinanuka bizari, kurasa zake zina alama za vidole vya mafuta ya haradali. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga mihuri katika Maktaba ya Prabhati, Kichochoro cha Nabin Kobiraj, kaskazini mwa Kalkuta, kwa hiyo mimi ndiye niliyevifuta kwa kitambaa.

"Mama Mdogo," nilimwambia siku moja, "kitabu hiki ni cha kusoma au cha kukaangia?"

"Bhombol mwanangu," akajibu, wala hakuinua macho, "wewe mwenyewe unanuka samaki kila siku, na hakuna aliyekupitishia kitambaa."

Ndivyo alivyokuwa. Mfupi, mweusi, sari nyeupe ya ujane isiyo na hata uzi wa rangi, na ulimi kama kisu cha kuparia magamba. Aliolewa ana miaka kumi na mitatu kijijini karibu na Bongaon, akafiwa na mume ana ishirini na miwili, bila mtoto. Shemeji zake wakamtengea kona ya baraza. Alikaa nayo miezi minne, kisha akapanda treni kuja mjini kupika nyumba za watu.

Kusoma alijifunzia jikoni. Siku hizo wenye maduka walifunga chumvi na viungo kwenye mifuko ya magazeti makuukuu, naye kila alipomaliza mfuko alimwuliza binti wa nyumba: hii herufi gani, na hii je? Miaka miwili haikuisha akawa anaisoma mwenyewe. Ila mifuko ilimtia uchungu, maana habari ilikatika pale palipobandikwa gundi. Mtu ameibiwa, mwizi ameruka ukuta, basi, gundi. Alijiunga na maktaba yetu, aliniambia, ili ajue mambo yaliishaje.

Na maktaba yetu ilikuwa na kitabu kimoja kilichozidi vyote, Funguo Kumi na Mbili, visa kumi na viwili vya mpelelezi Ambarish. Mtaani kwetu watoto walimjua Ambarish kabla ya kumjua mjomba wao. Kwa ajili ya kitabu hicho peke yake tuliweka daftari la maoni, na lilikuwa limejaa mara nne. Mmoja ameandika kwamba Ambarish anakunywa chai kupita kiasi, ndiyo maana halali. Mwingine anajibu chini yake kwamba asiyekunywa chai hana akili ya kumkamata hata paka. Daktari Khagen wa mtaani kwetu, yule wa tiba ya homeopathi na vidonge vidogo vitamu, aliandika kurasa tisa kuhusu sumu. Na kulikuwa na mwanaharamu mmoja, mpaka leo hatujamjua, aliyeandika jina la mwuaji kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kisa. Huyo tulimlaani kwa pamoja, na ndilo jambo pekee tuliloafikiana.

Mwaka wa 1984 kitabu kilitimiza miaka hamsini. Katibu wetu, Mwalimu Pramatha Lahiri, aliyefundisha sarufi mpaka akastaafu, akaitisha mkutano wa wanachama Jumapili asubuhi, watu watoe maoni. Alichukua nakala ya maktaba kwenda kuandaa hotuba. Kesho yake akarudi nayo, uso umemwiva.

Pembeni mwa kisa cha saba palikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani: UONGO. MJANE HALI DENGU NYEKUNDU. LABANGA HAKUUA. Na ukurasa ulinuka bizari.

Kisa chenyewe ni hivi. Tajiri mzee wa Kibrahmini, tabaka la juu la Wahindu, anakula chakula cha mchana, anakufa kwa sumu. Nyumbani siku hiyo wamo watatu tu: yeye, dada yake mjane ambaye wote wanamwita Shangazi, na Labanga, mke wa mwanawe, msichana wa miaka kumi na saba. Shangazi amepika dengu nyekundu. Labanga amempelekea mzee bakuli; mwenyewe ana homa, hakula. Chungu kimeshaoshwa. Shangazi anamwambia Ambarish, "Mimi pia nimekula dengu za chungu kile kile, na unaniona mzima." Basi Ambarish anafunga macho, anakunywa chai yake, anasema: chungu kilikuwa safi, kwa hiyo sumu iliingia kwenye bakuli, njiani. Labanga anafungwa pingu analia. Miaka hamsini watu walikisifu kisa hicho. Mimi mwenyewe nilikisifu, kwa wino.

Sheria ya maktaba ilikuwa moja: anayeandika ndani ya kitabu ananyang'anywa kadi. Atasamehewa akiomba radhi mbele ya wanachama na kufuta kwa mkono wake. Mwalimu Lahiri alimwita Nistarini ofisini nami nikiwepo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Kwa nini hukuandika kwenye daftari kama watu?"

"Hasira hazingojei daftari. Nimekisoma mara saba. Mara sita nilimlilia yule binti tu. Mara ya saba nilikuwa nakoroga dengu hizo hizo jikoni kwa mtu, mwiko mkononi. Nikasema, ngoja kwanza."

"Jumapili utaomba radhi, utafuta."

"Kufuta nitafuta, nikishindwa. Nisikilizwe kwanza."

Alipotoka nilimfuata mpaka mlangoni. Nilimsihi aombe radhi yaishe, maana maktaba nyingine isingempa kadi mpishi asiye na mdhamini, na yetu ilimpa kwa sababu tu yule binti aliyemfundisha kusoma alimdhamini kabla hajaolewa mbali. Nikamwuliza atasoma nini akipoteza kadi.

"Nitarudi kwenye mifuko ya chumvi," akasema. Alikuwa anaogopa, nami niliogopa kwa niaba yake.

Jumapili walikuja watu arobaini na kitu, wanawake kwenye mabenchi ya nyuma kama kawaida. Mwalimu alihutubia vizuri, hilo simnyimi. Alisema Funguo Kumi na Mbili hakina kosa hata la nukta. Kisha akaeleza kosa la Nistarini, akamwita mbele. Alisimama kando ya meza, ncha ya sari kichwani, mikono nyuma.

"Shangazi ni mjane," alisema. "Kitabu kinasema hivyo mara nne. Mjane wa nyumba ya Kibrahmini hali samaki, hali nyama, hali kitunguu, hali kitunguu saumu, na hali dengu nyekundu, zinahesabiwa kama nyama. Hilo kila mwanamke aliyeko humu analijua. Basi aliposema amekula, alidanganya. Na kama hakula, nani amesema chungu kilikuwa safi?"

Mabenchi ya nyuma yalivuma kama mzinga uliopigwa teke. Daktari Khagen akasimama.

"Mama, mpishi lazima aonje! Hata kama hali, ameonja chumvi. Tone moja la sumu ile lingemlaza."

"Daktari, nakupikia mwaka wa sita huu. Dengu nyekundu zangu zina kasoro?"

"Aa... hapana. Nzuri sana."

"Sijawahi kuzionja. Wala kwako, wala kwa yeyote, miaka thelathini na mitatu. Chumvi naijua kwa povu, kuiva najua kwa harufu. Ulidhani naonja?"

Watu wakaangua kicheko, Daktari akaketi kabla hajaambiwa.

Mwalimu akagonga meza. "Huenda siku hiyo alivunja mwiko. Binadamu ni binadamu."

"Angevunja, angeficha, Mwalimu! Mjane aliyekula cha haramu kwa siri atakwenda kumtangazia mwanamume asiyemjua, mbele ya polisi? Huyu alitangaza. Na alitangaza kwa sababu alimtazama Ambarish na chai yake, akaona: huyu mwanamume hajui mimi nakula nini."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa amekwisha kasirika.

"Hayo ni mambo ya kale ya vijijini! Nyumbani kwangu mama yangu ni mjane, na anakula tunachokula sisi. Dengu nyekundu tunakula kila Jumatatu na Alhamisi."

"Umemwona akizila?"

"Nini?"

"Kwa macho yako, Mwalimu. Umekaa naye, ukaona mkono wake unatoka kwenye sahani ya dengu nyekundu unakwenda mdomoni?"

Kutoka mabenchi ya nyuma bibi mmoja akapaza sauti, "Nyumba yako iko milango mitatu tu, Pramatha! Nenda kamwulize!" Wengine wakadakia: nenda, nenda, tunakungoja! Mtu mwenye hasira hupenda kuhakikisha. Alivaa ndala, akatoka kwa kishindo.

Hakuna aliyeondoka. Chai ililetwa kwenye vikombe vya udongo na ikapoa. Nistarini alibaki amesimama pale pale. Nilimsogezea kiti, akakataa. Zilipita kama dakika kumi na tano, na milango mitatu si safari.

Mwalimu Lahiri aliporudi hakuwa yule aliyetoka. Alitembea polepole mpaka mbele, akashika ukingo wa meza.

"Nimemwuliza," alisema. "Tangu baba afe hajazigusa. Miaka thelathini na minane." "Kisha akacheka. Akaniambia, 'Wewe Pramatha, ulidhani napika chungu cha pili kwa ajili ya nani?'"

Wanawake wa mabenchi ya nyuma wakatazamana.

"Sikujua kuna chungu cha pili," alisema Mwalimu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini sisi tulilala nyumba moja na kitanda hicho. Nilimfikiria mama yangu mwenyewe, aliyefiwa na baba nikiwa na miaka minane, na sikuweza kukumbuka hata mlo mmoja wake. Nilijionea haya mpaka nikainama.

Mwalimu akamgeukia Nistarini na kufanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona: akamwunganishia viganja kumwomba radhi, yeye mzee wa Kibrahmini, mbele ya mpishi.

"Nimekosea mimi, na Ambarish amekosea, na mwandishi amekosea. Maoni yako ndiyo bora kuliko yote yaliyotolewa juu ya kitabu hiki. Kadi yako haina tatizo. Hayo maandishi hayafutwi. Kuna lingine unalotaka?"

Hapo nilidhani ataomba kiti. Nistarini akavuta pumzi.

"Nataka Labanga atoke jela."

Watu wakaanza kucheka, kisha wakaona hachezi.

"Yumo mle tangu kabla hamjazaliwa wengine wenu," alisema. "Kila anayefungua kitabu anamfunga upya. Ana miaka kumi na saba na homa, na hakufanya kitu. Ninyi ni mkutano, mna katibu, mna daftari la kumbukumbu. Mmwachie."

"Je, Shangazi akamatwe?" akauliza Daktari Khagen, ambaye alikuwa amepata sauti tena.

"Ndiye aliyeua, mkamateni. Lakini mumwulize kwanza kwa nini. Ambarish hakumwuliza lolote. Ameishi nyumba ile miaka ishirini, anawapikia, na hakuna hata mmoja aliyejua anakula nini."

Mwalimu alilifungua daftari la kumbukumbu za mkutano, lile la jalada jekundu, akachovya kalamu. Akasema anayekubali Labanga aachiwe huru ainue mkono. Nilihesabu mikono arobaini na mitatu, wangu ukiwamo, na wa Daktari, na wa bibi mmoja aliyeinua yote miwili kwa hofu ya kutohesabiwa. Anayepinga hakuwepo. Mwalimu akaandika, akasimama, akasoma kwa sauti ile ya darasani:

"Maktaba ya Prabhati, baada ya kusikiliza ushahidi wa mwanachama Nistarini Haldar, imeona kwamba Labanga hana hatia. Anaachiwa huru leo, saa sita kasoro dakika kumi."

Mabenchi ya nyuma yakalipuka vigelegele, vile vinavyopigwa bibi arusi akivuka kizingiti. Kwetu mjane havipigi. Siku aliyofiwa aliviacha pamoja na bangili, na harusini husimama mbali asije akatia nuksi. Nistarini aliwatazama wale wanawake, akatoa mikono nyuma, akaweka ulimi sawa, akapiga. Kwanza kilikwama, maana koo lilikuwa limekaa miaka thelathini na mitatu bila kazi hiyo. Kisha kikatoka, kirefu, chembamba, kikavipita vyote, mpaka wapita njia wakasimama dirishani kuuliza nani anaolewa.