Niliuwamba Mguu wa Mdogo Wangu Kama Ngoma

Mniwie radhi kwa mwandiko huu mbaya na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, na barua hii naiandika siku ya nne sasa. Mbele ya watu huwa nashindwa kusema. Lakini jambo hili likiendelea kukaa kifuani litaniua.

Mimi ndiye niliyeuharibu mguu wa mdogo wangu. Nyumbani wanasema ni kamba ya mbuzi. Si kamba ya mbuzi. Ni mimi!

Tunakaa kijiji kimoja upande wa Nyakitonto. Baba yetu ni fundi wa ngoma. Mdogo wangu, nitamwita Ezira ingawa si jina lake, ana miaka kumi na mitatu. Akipiga chenga, hata wanaopalilia maharage huacha majembe wamtazame. Ila miguu yake ni myembamba na shuti lake halina nguvu. Kipa wao alikuwa akimtania, "Piga tu, Ezira! Namenya muhogo kwanza. Mpira wako utanikuta nimeshiba!"

Wenzake wanacheka, naye anacheka. Akifika nyumbani hali chakula.

Mwalimu wao alikuwa anachagua wachezaji wa kwenda kwenye mashindano ya shule, Kasulu mjini. Akamwambia, "Jumatatu nikuone. Ukifikisha mpira golini kutoka kwenye kona, unakwenda."

Mimi sijawahi kushangiliwa na mtu yeyote. Nilitaka ashangiliwe yeye, nami nisimame pembeni niseme, yule ni wa kwetu.

Tangu utoto namsaidia baba kuwamba. Ngozi ya ng'ombe huvutwa ikiwa mbichi, laini kama kitambaa. Ikipigwa na jua hujikaza yenyewe, na ngoma iliyokuwa bubu husikika hadi kilima cha pili. Nikawaza, na mguu je? Ukikazwa hivyo, misuli nayo si itakaza? Ujinga gani huu! Lakini siku ile niliona nimepata akili.

Jumamosi baba alipeleka ngoma Rungwe Mpya, mama akawa shambani. Jua lilipokuwa kali nilikata ukanda mpana wa ngozi iliyolowekwa, nikamzungushia Ezira mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti, nikaushona kwa nguvu.

"Kaka, itauma?"

"Kidogo. Ndiyo nguvu inavyoingia. Usifungue mpaka nirudi."

"Ego, kaka," akaitikia kwa Kiha chetu, akanyoosha mguu juani, anatabasamu.

Nikaenda mtoni kuchota maji. Njiani nikakuta watu wamezunguka redio, mpira unatangazwa. Nikasimama. Mawe, mama yangu! Nilisimama mpaka mchezo ukaisha!

Niliporudi, ngozi ilikuwa imekauka kama ubao. Ezira amelala ubavu, jasho linamtoka, ameuma shati lake. Kisu kilikataa kupita. Nilipofaulu kuikata, unyayo wake ulikuwa wa baridi kabisa.

"Mbona hukuita watu?"

"Ulisema nisifungue mpaka urudi."

Hapo ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa. Niliificha ngozi ile, na baba aliporudi nikamwambia Ezira alinaswa na kamba ya mbuzi akaburutwa. Ezira alinitazama, akanyamaza. Mpaka leo amenyamaza!

Mganga wa zahanati aliitazama sana alama iliyobaki chini ya goti. "Kamba hii ilikuwa pana," akasema. Alisema mshipa unaopeleka nguvu kwenye unyayo umebanwa. Baba akamweleza kwamba mtoto alikuwa na hamu ya kupiga mashuti makali. Mganga akatikisa kichwa. "Nguvu ya mtoto huja na umri, mzee. Angekula vizuri na kucheza, baada ya miaka miwili mguu ungejaa wenyewe."

Miaka miwili tu! Mimi nilitaka iwe kabla ya Jumatatu!

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Unyayo hauinuki. Akitembea, vidole vinakwaruza chini, hivyo huinua goti juu kama mtu anayevuka matope. Wenzake walikwenda Kasulu wakarudi. Yule kipa alikuja kumsalimia, akakaa tu. Hakupata la kumtania.

Lakini kinachonimaliza ni baba. Asubuhi ile, kabla ya kuondoka, ndiye aliyemwagiza Ezira awaangalie mbuzi. Basi anaamini kosa ni lake. Kila siku anamkanda mguu kwa mawese ya moto, anamwambia, "Nisamehe mwanangu, mimi ndiye niliyekutuma." Ezira ananitazama juu ya bega la baba. Mimi natoka nje.

Juzi nilijaribu. "Baba," nikaita.

"Unasemaje, mwanangu?"

Nikamuuliza kama maji yapo ya kutosha.

Ninyi wenye wadogo wanaocheza mpira, nawasihi! Msiwafunge mawe miguuni, wala mchanga, wala ngozi. Msiikimbize miili yao! Mtoto anayekuamini atavumilia mpaka aharibike.

Nawaomba mniandikie kupitia gazeti hili. Je, yupo kati yenu aliyewahi kuona unyayo wa namna hii ukiinuka tena? Alifanyiwa nini? Na baba nimwambieje? Nipeni maneno ya kuanzia tu. Yanayofuata nitayasema mwenyewe.