Neti Niliyoiacha Koboko

Neti ilikuwa tayari ndani ya begi. Niliikunja mwenyewe, nikaiweka chini ya nepi za mtoto, halafu nikaitoa mwenyewe na kuitupa kitandani kwetu, Koboko. Mume wangu alikuwa anafunga mizigo kwenye pikipiki. Akauliza, "Hii unaacha?" Nikamwambia, "Unataka Nyanya anifukuze?" Akacheka, nami nikacheka. Kicheko kile nikikikumbuka leo natamani kujipiga kofi.

Kwetu mwanamke akijifungua anaenda kumalizia arobaini kwa Nyanya, kule Logiri, mlimani. Mtu wa mahali penye milima mikubwa atasema hicho ni kilima tu. Aseme. Sisi tunauita mlima, na kazi yake tuliijua: baridi. Koboko ni joto na mbu, kule juu mbu hawakuwepo. Mama yangu alinilea huko nilipokuwa mchanga, na dada zangu wamewapeleka watoto wao. Unabeba sukari, sabuni na majani ya chai. Neti hubebi. Kumpelekea Nyanya neti ni kumwambia nyumba yake chafu, na yule bibi ana mdomo. Shangazi yangu alijaribu mara moja, akaulizwa mbele ya wageni, "Hii nguo ya matundu ya nini? Umekuja kuvua samaki kwa kitanda yangu?"

Nilipofika, mambo yalikuwa wazi, ni mimi tu niliyekuwa nimefumba macho. Nilipokuwa msichana, ukungu ulikaa pale juu hadi saa nne asubuhi. Ukimtuma mtoto kisimani unasikia sauti yake tu, humwoni. Sasa saa moja jua limeshakuchoma utosi. Nyanya, ambaye zamani alilala na moto ndani ya nyumba, alikuwa analala mlango wazi. Mvua ilikuwa imenyesha katika mwezi wa vumbi, na maji yalikuwa bado yamesimama kwenye mashimo ya udongo wa matofali, hapo chini ya nyumba, yakipata joto. Nimefika Senior Four mimi. Maisha ya mbu, kuanzia yai, niliyachora kwenye mtihani nikapata maksi zote. Nikayaona yale maji, nikapita.

Nyanya alitoa blanketi. Babu alikuwa askari, na kilichobaki kwake ni blanketi moja zito la jeshi, la kijivu, ambalo limefunika kila mtoto wa ukoo. Akamfunga nalo binti yangu mpaka pua. Mtoto akawa anatoka jasho kama mpika pombe.

Siku ya kumi na tisa ya kukaa kwetu kule, asubuhi, mtoto alikataa ziwa.

"Nyanya, mtoto iko moto."

Alimgusa kwa mgongo wa mkono. "Iko moto ya blanketi."

"Basi tutoe."

"Toa. Baridi ikamate yeye, halafu ulie."

Nikatoa. Nikampangusa na kitambaa chenye maji. Joto halikushuka. Mchana Nyanya akasema ni maziwa yangu, nimekula pilipili. Jioni nikasema neno lenyewe, malaria, akanitazama kama nimemtukania mama yake.

"Malaria iko yenu ya Koboko. Huku haipandi."

Na mimi, mwenye maksi zote, nikamwamini. Siku nzima ikaenda hivyo, na kwa siku hiyo sitamsamehe mtu, nikiwemo mimi.

Kulipokucha kilio cha mtoto kilikuwa kimekuwa kidogo, kama cha paka. Nikamfunga kifuani nikateremka bila kuaga. Njiani kuna bustani ya jirani. Neti za bure zilizogawiwa kijiji kizima zilikuwa zimetandazwa pale, juu ya miche ya tumbaku. Ya Nyanya ilikuwepo, niliitambua kwa kamba yake nyekundu. Tumbaku ilikuwa imelala ndani ya neti, mtoto wangu hapana.

Kwenye kituo cha afya nesi alimtoboa kisigino. Kipimo kikatoka mistari miwili.

"Tangu jana mlikuwa wapi?"

"Mlimani."

"Neti?"

Nikamfunika mtoto miguu.

"Ninyi watu wa juu," alisema, huku anatafuta mshipa kwenye ule mkono mdogo kama kidole changu, "mnafikiri mbu anachoka kupanda?" Akaniambia siku hizi wa mlimani ndio wanaofika katika hali mbaya kuliko wote. Wa bondeni miili yao imeshazoeana na hii homa, wa juu inawakuta wageni.

Mle wodini kulikuwa na redio. Mtu alikuwa anaeleza kwa uchungu jinsi barafu ya Ruwenzori inavyoisha. Sawa, ionewe huruma. Sisi hatukuwa na barafu. Tulikuwa na baridi tu, na ilipoondoka hakuna aliyetangaza.

Siku ya tatu ya sindano mtoto alinyonya. Alinyonya kwa hasira, mpaka nikaumia, nikalia. Nyanya alikuja siku hiyo na uji wa mtama kwenye chupa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Halafu akafungua pindo la kitenge chake. Ndani kulikuwa na vidonge, vingine nusu nusu.

"Mimi pia iko nayo. Toka mvua ya mwaka jana."

"Mwaka jana? Na hukusema?"

"Nikisema, nani ataleta mtoto kwangu tena?"

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii nyanya yake, mpaka nesi akanishika bega na kunipeleka nje.

Tuliporuhusiwa, mume wangu alikuja na neti kutoka Koboko. Wote walidhani nitarudi moja kwa moja nyumbani. Nikapanda mlima. Mume wangu alituacha kwa Nyanya, akaenda senta, kwenye maduka, kuweka mafuta kwenye pikipiki. Nilipigilia misumari minne juu ya kitanda cha Nyanya, mtoto mgongoni, na yeye amekaa katikati ya neti ananilaumu.

"Kama kuku kwa tenga."

"Kaa hapo hapo."

Ilikuwa saa nane mchana. Jua lilikuwa linapasua mabati. Nikasikia Nyanya anasema kwa sauti ya chini, "Mama, leta blanketi ya mzee."

Nikampitishia chini ya neti. Alijifunika mpaka kidevuni, meno yakigongana.

"Si nilisema?" akaniambia. "Baridi ya huku bado iko."

Nilitoka nje nikampigia simu mume wangu, nikamwambia ageuze pikipiki, kuna mgonjwa mwingine wa kuteremsha.