Brashi ya Cherehani na Macho ya Koko Feza

Kuna watu hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, ambao mpaka leo wakiniona na kamera wanageuza uso, na mimi siwalaumu, maana ningekuwa wao ningegeuza uso na mgongo juu yake. Nimekataa kuisimulia habari hii mara nyingi (dada yangu peke yake ameniuliza mpaka amechoka), lakini kila mtu anayo namna yake ya kuieleza, na kwa namna zote hizo mimi ni mjinga tu, wakati ukweli ni kwamba nilikuwa mjinga na mwongo pia. Basi niwaambie mwenyewe, mcheke mahali pa kucheka na mnyamaze mahali pa kunyamaza.

Mimi ni fundi wa nguo. Kamera ilikuja baadaye, kamera ndogo ya kuingia mfukoni, ile ambayo ukiiwasha mdomo unatoka mbele na ukiizima unarudi ndani, nikawa napiga picha za ubatizo, za harusi na za wanaosafiri. Sasa vumbi la hapa mnalijua. Kila mdomo ule ulipotoka na kurudi ulivuta vumbi ndani, mpaka siku moja chembe ikaenda kukaa kwenye kijioo cha ndani kabisa, kile kinachopokea picha, na haikutoka tena. Kila picha ikawa na doa jeusi mahali pale pale, juu kidogo, upande wa kulia. Doa likiangukia ukuta hakuna anayeliona, lakini likaangukia jino la bibi harusi, halafu paji la uso la mchungaji, na watu wakanibatiza Mama Inzi, kwamba kila picha yangu ina inzi ametua. Watoto walikuwa wananiita hivyo nikienda kuchota maji, mimi nacheka pamoja nao, kumbe moyoni nimevimba.

Ijumaa moja akaja Papa Yosua. Yeye, mkewe na watoto wao watatu walikuwa wamepata safari ya Kanada, basi la kuwachukua linakuja Alhamisi alfajiri. Mama yake mzazi, Koko Feza (koko ndiyo bibi kizee kwetu), alikuwa anabaki, kwa sababu dosiye yake, faili la maombi ya safari, ilikuwa peke yake na bado haijajibiwa, na mnajua dosiye isiyojibiwa ni kitu gani, mtu anaweza kuzeeka mara ya pili akiingoja.

“Mama Sifa,” akaniambia, “tunataka foto moja, kubwa, ya karatasi. Koko hana simu. Atubakize sisi bote pale ku ukuta.” Halafu akacheka kidogo. “Lakini inzi yako ibaki nyumbani.”

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nikampigia simu fundi mmoja wa kamera aliyeko Biwi, kule Lilongwe, akasema nimletee lakini atakaa nayo mpaka Jumatano, na picha yenyewe ni Jumapili. Akaniambia, namkumbuka neno kwa neno: “Usiifungue. Na kama kichwa yako ni ngumu ukaifungua, ile kioo ya ndani usiiguse na kitu. Upepo tu, wa mpira wa kupulizia.” Nikamjibu ndiyo, ndiyo, fundi, na huku macho yangu yako kwenye bisibisi ya cherehani.

Kwa sababu mimi nilijiona ni mtu wa mashine. Miaka yote nafungua cherehani, nasafisha, natia mafuta, nafunga, inashona. Mashine ni mashine, nikasema. Jumamosi mchana nikatandika kitambaa cheupe mezani na kuanza kufungua skrubu, ndogo kama mbegu za mchicha, na nilipougusa upande wa fleshi, ule umeme uliojificha mle ndani ukanipiga mkono mzima mpaka begani, nikaruka na kiti kikaanguka. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilikaa chini, nikautikisa mkono, nikaendelea.

Kijioo nikakiona. Kidogo kuliko ukucha, kinang'aa rangi ya kijani na buluu, na juu yake inzi wangu mwenyewe amekaa, chembe ya vumbi tu. Mpira wa kupulizia sina. Kupuliza kwa mdomo nikaogopa mate (kwa hili nilijiona mwangalifu sana). Nikachukua kile kibrashi ninachosafishia chini ya sindano ya cherehani, nikakifuta kwenye kitenge changu mara mbili, nikakipitisha. Chembe ikatoka! Kijioo kikabaki kinang'aa kuliko mwanzo, na mimi nikafurahi kwamba kinang'aa, bila kujiuliza brashi iliyokunywa mafuta ya cherehani miaka sita inaweza kuacha nini juu ya kioo. Nikafunga. Skrubu moja ikabaki mezani. Nikaitia kwenye kopo la vifungo. Nikapiga picha moja ya majaribio humo ndani, nikaiangalia kwenye kile kioo cha nyuma kilichochakaa, nikaona hakuna inzi, basi.

Jumapili baada ya ibada nikawapanga nje ya kanisa. Koko Feza kwenye kiti katikati, mkono wake juu ya kichwa cha mjukuu mdogo, mwanawe nyuma yake, mkwewe pembeni na wale wengine wawili. Watu wakatoa simu nao wapige. Hapo nikajifanya bosi. “Simu bote barudishe mfukoni!” nikapiga kelele mbele ya waumini wote. “Bantu bataangalia kila upande, foto itaharibika!” Na walirudisha. Mpaka shemasi alirudisha yake. Sijawahi kutiiwa hivyo maishani mwangu, na laiti wangenitukana.

Jumanne, kwa karatasi yangu ya ruhusa ya biashara, nikaenda Lilongwe kuisafisha picha. Kijana wa studio aliifungua kwenye kompyuta, akaniangalia, akasema, “Pepani, mayi,” pole mama, na mimi nilipoinama kutazama nikaona ukungu. Watu sita ndani ya ukungu. Unajua huyu ni mtu na huyu ni mtu, unaona rangi ya kitenge, lakini sura hakuna, na juu ya shingo ya Koko umelala unywele mmoja wa brashi, mweusi, mrefu, umekaa kama kamba. Nikamwambia atoe hivyo hivyo. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani nilitaka kurudi na kitu mkononi.

Jumatano nikampelekea Koko. Alikuwa peke yake, wenzake walikuwa wamekwenda kupima mizigo. Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, kwamba Koko nisamehe, nimeharibu, waite leo leo jioni tupige nyingine hata kwa simu ya jirani. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akatoka nayo mlangoni penye mwanga. Halafu akasema, polepole, “Macho yangu njo imeisha, mwanangu. Sibaoni.”

Nami nikasema, “Njo uzee, Koko.”

Maneno matatu, kwamba ndio uzee. Yalitoka yenyewe, laini kabisa, na nikahisi nafuu, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Akaikunja picha ndani ya kitenge. Akaniomba nisimwambie mwanawe. “Bataondoka na roho nzito, bakisikia nakuwa kipofu.” Kwa hiyo hakuwaonyesha, na wao na shughuli zao hawakuuliza, na Alhamisi alfajiri basi likaja likawachukua. Nilikuwepo. Niliimba na kwaya.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini Koko Feza si mtu wa kukaa na ugonjwa bila kuutafutia dawa, akaenda ofisini kuomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini kwenda kupimwa macho Lilongwe, wiki tatu anakwenda na kurudi kwa miguu yake ile, na alipoipata akaja kwangu. Yeye hajui Kichewa. “We njo utanisemea kwa munganga,” akaniambia. Ningekataaje?

Hospitalini tulikaa kwenye mabenchi, watu wengi mno, na muuguzi anapima pale pale mbele ya wote kwa karatasi ya ukutani yenye alama zinazoelekea huku na kule, nawe unaonyesha kwa mkono. Koko alizionyesha karibu zote. Muuguzi akampa miwani ya kujaribia ya karibu, akamwonyesha herufi ndogo, Koko akazionyesha tena sawasawa. Basi akaniuliza kwa Kichewa, huyu bibi haoni nini hasa? Na Koko, aliyeona tunazungumza, akafungua kitenge chake na kumpa picha.

Muuguzi akaitazama. Akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena, kisha akaangua kicheko na kumwonyesha mwenzake, na mwenzake akampa mama wa benchi la kwanza, ikaenda inapita mkono kwa mkono na watu wanacheka. Macho ya bibi ni mazima kwa umri wake, akaniambia muuguzi, mgonjwa ni picha, ni nani aliyepiga kitu hiki?

“Anasema nini?” Koko akauliza.

Na mimi, mbele ya watu wote wale, kwa mara ya pili: “Anasema macho inaomba muda, Koko.”

Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja Mnyarwanda, muuza nguo wa Mtandire, mtaa wa hapo Lilongwe, ananyonyesha. Hakupandisha hata sauti. “Hapana, Koko, huyu anakudanganya. Munganga anasema macho yako iko muzima. Foto njo mubaya.” Akanitazama. “Na anauliza ni nani aliipiga.”

Kicheko kikakatika, hata kwa wale wasiojua Kiswahili. Koko alinigeukia. Alikuwa bado na miwani ya kujaribia puani, macho yake makubwa mle ndani.

“We ulijua?”

“Nilijua, Koko.”

“Tangu siku gani?”

“Jumanne.”

Akahesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. “Jumatano ulinikuta nyumbani,” akasema. “Balikuwa bangali hapa.” Akairudisha miwani kwa muuguzi, akamwambia zikomo, yaani asante, neno la Kichewa pekee analolijua, akaichukua picha yake na kutangulia nje, na njia nzima ya kurudi alikaa na kunitazamisha kisogo.

Kamera niliipeleka Biwi. Fundi aliifungua, akanusa, akaniuliza kama nilikuwa nataka kuikaanga. Sasa inapiga safi, mbingu nzima hakuna inzi. Kanada wanatuma picha zao kwa simu ya jirani, nzuri, zimejaa theluji, lakini ile ya Koko katikati yao haiwezi kutumwa na mtu yeyote.

Mwezi uliopita Koko aliniita. Kiti amekiweka pale pale nje ya kanisa, akakaa, mkono wake akauweka hewani kwenye kimo cha mtoto. “Piga,” akasema. “Acha fasi yabo,” yaani niwaachie wale waliosafiri nafasi yao. Nikapiga. Nilipomletea, aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaangalia kiti, mkono, na mahali patupu pande zote.

“Hii naona muzuri,” akaniambia, akaingia ndani.

Brashi ya cherehani nimeitupa chooni, najua haina kosa. Nami nimeapa, na ninyi ni mashahidi wangu, kwamba nitaharibu tena vitu vya watu maana mikono ni mikono, lakini nikiharibu nitasema siku ile ile, kabla basi halijaondoka.