Chuma Kilichobaki Ndani ya Mkate wa Mama Mkwe

Admin, nifiche jina tafadhali, maana wako watu wa Mitaboni, kwao mume wangu, wanaosoma ukurasa huu na wakijua ni mimi nimekwisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, niko na mtoto mmoja na tunaishi hapa Machakos mjini. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki hii yuko safarini. Naandika haraka haraka, mnisamehe makosa.

Niko na mashine ndogo ya kuoka mkate nyumbani. Unatia maji, unga na hamira, unafunga kifuniko, inakanda na kuoka yenyewe. Ndani ya sufuria yake kuna kichuma cheusi chenye tundu, umbo lake kama sikio, ndicho kinachokanda unga. Mkate ukiiva unautoa, kichuma kinabaki kwenye sufuria. Changu kilikuwa kinabaki vizuri mpaka siku niliyoitazama ile sufuria nyeusi nikaona aibu. Mimi nimelelewa nikijua sufuria ya mwanamke lazima ing'ae, basi nikaisugua na kichuma chake kwa waya na majivu, kama sufuria iliyopikiwa muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Kumbe ule weusi haukuwa uchafu, ndio uliokuwa unazuia mkate usishike. Tangu hapo mkate hutoka na kichuma tumboni, na lazima nikichokoe kwa kijiti ukiwa bado moto.

Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, na tunapendana, Mungu ni shahidi. Jumapili iliyopita nilimwokea mkate wake usio na sukari, na mwingine wa kawaida wa watoto wa shemeji. Mtu wa boda alikuwa anapiga honi mlangoni. Wa watoto, uliotangulia kuiva, nilikuwa nimeshauchokoa, wa mama nikaufunga kwa kitambaa nikatoka mbio. Nilipofika nikamwambia mbele ya wote, "Mama, huu ni wako peke yako. Usigawie mtoto hata kipande." Nilisema hivyo kwa sababu najua anavyowapa wajukuu kila kitu akabaki na njaa. Nikakaa nao kidogo, nikarudi mjini na furaha yangu.

Kesho yake nikitaka kuoka sikuona kichuma. Nilicheka peke yangu. Nikampigia mke wa shemeji, nitamwita Mama Mwende, ambaye anaishi boma moja na mama, nikamuuliza kama wameona kachuma kangu kwa mkate wa mama. 

"Kachuma kako?" akauliza.

"Eeh, ni kangu. Niwekee vizuri, bila hako siwezi fanya kazi."

Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao.

Sikujua kwamba jioni ile ya Jumapili mama alipokata mkate kisu kiligonga chuma, na kabla hajaonja akaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Alikimbizwa hospitali. Daktari alisema sukari ilishuka kwa sababu alikuwa amemeza dawa bila kula. Amerudi nyumbani na anaendelea vizuri, lakini boma lilikuwa limeshaamua. Kuna neno ambalo kwetu halisemwi kwa sauti, uoi, yaani uchawi. Najua mnatutania sana sisi Wakamba kwa mambo hayo, hata mimi hucheka, lakini huwezi kucheka ukiwa ndiwe unayetajwa. Kichuma kimefunikwa kwa karai nje ya jikoni na hakuna anayekigusa. Na wazee kule husema usimtafute mwenye kitu cha uoi, mwenyewe atakuja kukidai. Mimi nilikidai kwa simu, tena nikicheka.

Nilimpigia shemeji nikamweleza habari ya mashine, nikamtumia na picha. Akasema picha kama hizo zimejaa mtandaoni, si ushahidi. Akaniuliza, kama hicho kitu hukaa kwa kila mkate, mbona wa watoto haukuwa nacho? Nikamwambia wa watoto nilikuwa nimekitoa.

"Kwa hivyo ulijua kutoa ya watoto," akasema.

Nilimpigia mume wangu nikijua yeye atacheka, maana huo mkate anaula kila akiwa nyumbani. Akaniuliza polepole, kwani nilikuwa nataka kumfanyia mama yake nini? Akasema wazee watakaa Jumamosi, niende na mzazi wangu. Tangu hapo hashiki simu yangu.

Naogopa jamani. Nikiwa msichana kuna mama alitajwa hivi hivi karibu na kwetu, vijana wakaenda kwake na mawe, na hakuna aliyeuliza mara mbili. Sasa nafunga mlango hata mchana. Geti ikilia nashtuka. Mtoto ananiuliza mbona hatuoki mkate, na sijui nimwambie nini.

Leo asubuhi mama mwenyewe alinipigia. Sauti ilikuwa chini sana.

"Mwanangu, kuja uchukue hiyo kitu yako kabla Jumamosi. Nitatoa watu kwa boma. Mimi nimekusamehe, na sitaambia mtu."

Alikuwa analia. Nilitaka kumwambia mama, ni chuma cha kukanda unga tu, lakini nilisikia vile ameshaamini, na bado ananipenda, nikashindwa. Angenitukana ningejitetea. Nikienda kukichukua nitakuwa nimekubali, na nitaishi miaka yote nikiwa nimesamehewa kitu ambacho sikufanya. Nisipoenda, Jumamosi wazee watakifunua mbele yangu na mbele ya baba yangu. Nimefikiria kubeba mashine nikaoke hapo hapo waone inavyofanya kazi, lakini huo mkate nikiutoa, nani atathubutu kuula?

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mlioolewa Ukambani, msinicheke leo. Nishaurini: niende kwa mama nikakichukue, au nikiache pale chini ya karai ningoje Jumamosi?